Joto Linakwenda Wapi? Kuchagua na Kupima Kipoza-joto cha Amplifaya ya Fundi

Mazungumzo yaliyotolewa Bariadi, mkoani Simiyu, mbele ya wanunuzi na mafundi wa vyombo vya muziki



Tumekuja kuzungumza juu ya kipande cha alumini. Kipande hicho hakitoi sauti, hakina taa wala kitufe, na aghalabu hukaa nyuma ya sanduku ambako jicho la mnunuzi halifiki. Mafundi wengi hukiita hitisinki. Sisi tutakiita kipoza-joto, kwa kuwa jina hilo linaeleza kazi yake.

Tuanze na shauri moja lililofika mezani kwetu. Kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja katika mkoa huu kilikuwa kikikodisha viti, masufuria na turubai kwa ajili ya harusi na misiba. Baada ya mauzo ya pamba walichanga fedha, wakamwendea fundi awatengenezee amplifaya ya kutumia betri ya gari na umeme wa kawaida, pamoja na spika mbili kubwa. Fundi akawaambia kuwa mashine ina wati 1,000. Waliijaribu dukani kwa muda wa wimbo mmoja, ikalia vizuri, wakalipa. Katika harusi ya pili, majira ya saa nne usiku, sauti ilikatika, spika moja ikatoa moshi, na wenye harusi wakadai fedha zao. Fundi alipoulizwa alijibu kuwa wao ndio waliozidisha sauti. Wao wakajibu kwamba muziki wa harusi haupigwi kwa kunong'ona.

Tulilifungua sanduku mbele ya pande zote mbili. Ufundi wa ndani ulikuwa safi: lehemu imeshika vizuri, nyaya zimefungwa kwa utaratibu, transfoma ni nzito na halali. Lakini transista za mwisho, zile zinazoisukuma spika, zilikuwa zimefungwa juu ya kipande cha bati la kuezekea nyumba, kilichopakwa rangi, chenye upana wa kiganja. Fundi huyo hakuwa tapeli. Alikuwa na ujuzi, hakuwa na chuma cha kufaa, na mteja alikuwa akimhimiza. Hata hivyo hasara ilikuwa ya mteja, na ndiyo sababu tumeona tulieleze jambo hili hadharani, mafundi na wanunuzi wakiwa pamoja.

Amplifaya nyingi za mafundi wetu haziugeuzi umeme wote kuwa sauti. Sehemu kubwa inabaki ndani ya transista au aisii ikiwa joto. Ndani ya transista kuna kipande kidogo cha silikoni, pengine kidogo kuliko ukucha wa mtoto, na kipande hicho kina mpaka wake. Kwa aisii nyingi za muziki mpaka ni nyuzijoto 150. Transista ya 2N3055, ile ya chuma yenye umbo la yai ambayo wazee wa ufundi wanaifahamu, huruhusiwa kufika 200. Mpaka ukivukwa, aghalabu transista haikatiki tu, bali huungana ndani kwa ndani na kuufungulia umeme wa moja kwa moja uende kwenye spika. Koili ya spika haikuumbwa kwa umeme wa namna hiyo. Huungua kama nyaya za pasi. Hivyo ndivyo kosa la kipande cha alumini linavyoishia kuwa gharama ya spika, na ikiwa betri imeunganishwa bila fyuzi, linaweza kuishia kuwa moto ndani ya nyumba.

Kazi ya kipoza-joto ni kulipokea joto hilo na kulikabidhi kwa hewa. Kipimo chake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: ni nyuzi ngapi kipande hupanda kwa kila wati moja ya joto inayoingia ndani yake. Huandikwa °C/W. Kipoza-joto cha nyuzi 3 kwa wati, kikipewa wati 10 za joto, kitapanda nyuzi 30 juu ya hewa inayokizunguka. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo nzuri. Tunalisisitiza hili kwa sababu mnunuzi amezoea kudhani kwamba kila namba kubwa ni bora.

Tena tusisahau ni hewa gani tunayoizungumzia. Vitabu vya viwandani hupenda kuhesabu kwa hewa ya nyuzi 25. Ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kitenge ili vumbi lisiingie, mchana wa Septemba hapa Bariadi, sisi tunahesabu 40, na hata hapo hatuoni kwamba tumetia chumvi. Udanganyifu wa namba hukaa papo hapo. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 huandikwa kuwa zinahimili wati 150, na ni kweli, iwapo ganda lake litabaki nyuzi 25. Ganda likifika 75, ruhusa inashuka hadi wati 90. Likifika 100, zimebaki 60. Tena hizo ni za asili. Transista hizi mbili ni miongoni mwa zinazoigizwa mno duniani. Za bandia huwa na kipande cha silikoni kidogo mno ndani yake, na hakuna alumini inayoweza kuziokoa.

Je, joto la amplifaya ni wati ngapi? Kwa amplifaya za kawaida zenye umeme wa pande mbili, chanya na hasi, ipo hesabu ya karibu ambayo fundi anaweza kuifanya juu ya karatasi ya sigara. Chukua volti za upande mmoja, zizidishe kwa zenyewe, kisha mara mbili, halafu gawa kwa omu za spika zilizozidishwa kwa 10. Tuseme mashine ya aisii ya TDA7294 yenye volti 35 kila upande na spika ya omu 8. Volti 35 mara 35 ni 1,225. Mara mbili ni 2,450. Gawa kwa 80, unapata kama wati 31 za joto. Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa mashine ya betri iliyounganishwa kwa daraja, kama ilivyo desturi ya wanaotumia LA4440: volti 12 kwa spika ya omu 4 huleta wati 7, na betri ikiwa inachajiwa, yaani volti 14.4, hufika wati 10 na kidogo.

Joto hilo kubwa kabisa halitokei sauti ikiwa juu kabisa. Hutokea sauti ikiwa karibu asilimia 40 ya uwezo wa mashine. Mtu anayesema, "Mimi sikufika mwisho, nilipiga nusu tu," yamkini alikuwa mahali penye joto kuliko pote bila kujua.

Hapo ndipo jambo la spika linapoingia, na tunaomba mama zetu wa kukodisha muziki walishike. Mkiongeza spika ya pili ya omu 8 sambamba na ya kwanza, mashine inaziona kama spika moja ya omu 4, na joto huongezeka maradufu. Ile TDA7294 yenye volti 35 sasa inatoa joto la wati 61. Tumefanya hesabu: tukitaka silikoni isizidi nyuzi 125 ili tuwe na akiba, hewa ikiwa 40, tuna nyuzi 85 tu za kugawa. Ukinzani wa ndani ya aisii yenyewe unaweza kufika nyuzi 1.5 kwa wati, na karatasi ya mika yenye grisi huongeza kama nusu. Jumla 2. Wati 61 mara 2 ni nyuzi 122 kabla hatujaufikia huo mfupa wa alumini. Hakuna kipoza-joto cha ukubwa wowote kitakachoisaidia mashine hiyo. Mtengenezaji mwenyewe, kwa spika ya omu 4, anataja volti 27 badala ya 35. Fundi aliyekuuzia mashine ya spika mbili anapaswa kukuandikia omu za chini kabisa inazoruhusu. Na wewe, kijana wa muziki akikuambia tuongeze spika ili watu wa nyuma wasikie, muulize kwanza karatasi hiyo imesema nini.

Kwa spika moja ya omu 8, hesabu hiyo hiyo inadai kipoza-joto cha nyuzi 0.7 hivi kwa wati. Hicho ni kipande kikubwa. Wahandisi hukadiria kwamba alumini yenye mapezi, katika hewa tulivu, ikizidishwa ujazo wake wa sentimita kwa nyuzi zake kwa wati, hutoa kati ya 500 na 800. Kwa lugha ya dukani, nyuzi 0.7 ni kipande cha urefu wa sentimita 20, upana wa 12 na mapezi ya 4. Mashine ya betri ya wati 10 za joto inaridhika na cha nyuzi 3, kinachotosha kiganjani. Bamba tupu la alumini la sentimita 10 kwa 10, lisilo na mapezi, hewa ikipita pande zote mbili, ni kama nyuzi 5. Mkiona fundi amefunga mashine kubwa juu ya bamba la namna hiyo, sasa mna namba ya kumwonyesha.

Hapa Bariadi vipande hupatikana wapi? Tumezunguka na tumeona: vinatoka katika kompyuta zilizokufa, televisheni za zamani, mashine za kuhifadhi umeme, na mabaki ya mafundi wa madirisha ya alumini. Vyote vinaweza kufaa, kila kimoja kwa masharti yake.

Kile cha kompyuta ni kizuri sana kikiwa na feni yake. Mapezi yake yamebanana kwa sababu yaliundwa yapulizwe. Ukiondoa feni, hewa haipenyi, na kipande kinachoonekana chenye mapezi mengi kinafanya kazi ya kipande cha mapezi machache. Feni yake ya volti 12 inapatana na betri yetu, lakini feni ni kifaa kinachokufa, na vumbi la barabara zetu pamoja na nyuzinyuzi za pamba msimu wa uchambuzi hulijaza pengo la mapezi kama blanketi. Mashine ya feni lazima ifunguliwe na kupigwa brashi. Sisi binafsi, kwa mtu wa kijijini asiye na fundi jirani, tunapendelea alumini kubwa isiyo na feni.

Mabaki ya madirisha ni alumini halali, na fundi mwerevu akiyapanga na kuyafunga kwa skrubu nyingi juu ya bamba nene hupata kitu cha maana. Bati la kuezekea halifai. Ni chuma, na chuma cha kawaida hupitisha joto kwa kama robo tu ya alumini. Tena ni jembamba, joto hubaki chini ya transista wakati ukingo wa bati bado ni baridi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale akina mama.

Rangi nyeusi? Inasaidia kidogo pale ambapo kipande kiko kivulini na hakina feni, ilimradi ni rangi nyembamba ya kiwandani, si rangi ya mlango. Mapezi yasimame wima ili hewa moto ipande na baridi iingie kutoka chini. Yakilala, hewa inakwama kati yake. Sanduku liwe na matundu chini na juu. Na tunaomba sana, kitenge kiondolewe mashine inapofanya kazi.

Kati ya transista na alumini pana jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Nyuso hizo mbili, hata zikionekana laini, zina mashimo yasiyoonekana yenye hewa, na hewa haipitishi joto. Ndiyo sababu hupakwa grisi nyeupe ya joto, nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Tumekuta iliyopakwa kama siagi juu ya mkate. Hiyo inazuia badala ya kupitisha. Tumekuta pia dawa ya meno. Hufanya kazi siku chache, ikikauka hubaki unga.

Mika isiachwe, kwa maana mgongo wa transista nyingi una umeme. Katika TDA7294 mgongo umeungana na umeme hasi. Katika 2N3055 ganda zima ni mojawapo ya miguu yake mitatu. Fundi aliyeondoa mika ili joto lipite vizuri zaidi amekipa kipoza-joto umeme, na kikigusa sanduku la chuma au waya mwingine, mnajua kitakachofuata. Hatari zaidi ni bodi za umeme zilizong'olewa katika kompyuta au televisheni na kutumiwa nzima nzima. Baadhi ya alumini zilizo juu yake zimeungana na upande wa TANESCO wenye volti 230. Hiyo haiguswi kwa kidole, hata kama mashine imenyamaza.

Sasa tuje kwenye kupima, maana fundi akiokota kipande hakina maandishi. Anahitaji rezista ya omu 10 yenye mwili wa alumini, ya wati 25 au zaidi, betri ya gari, na mita yenye waya wa kupimia joto. Aifunge rezista juu ya kipande kwa skrubu na grisi, mahali pale pale itakapokaa transista, kipande kikiwa kimesimama kama kitakavyosimama ndani ya mashine. Aunganishe betri kupitia fyuzi. Volti 12 kwa omu 10 huleta wati 14.4 za joto, zisizopungua wala kuzidi. Betri ikiwa volti 12.6, ahesabu upya, zinakuwa karibu 16. Asubiri hadi joto liache kupanda, na kwa kipande kikubwa hiyo yaweza kuwa saa nzima. Tuseme hewa ilikuwa 28 na alumini karibu na rezista imetulia 71. Tofauti ni 43; gawa kwa 14.4, ni nyuzi 3 kwa wati. Akiandike kwa kalamu juu ya kipande chenyewe. Fundi mwenye rafu ya vipande vilivyoandikwa namba hizo, sisi tungemnunulia bila wasiwasi mkubwa.

Mnunuzi hana mita, lakini ana saa na ana masikio. Msijaribu mashine kwa wimbo mmoja. Alumini nzito huchukua muda kupata moto, na wimbo mmoja hauonyeshi lolote. Kaeni nusu saa, ikiwezekana zaidi, kwa spika zile zile mtakazotumia na kwa sauti ya kazini, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kisha mwombeni fundi athibitishe kwa kipimaji kwamba alumini haina umeme, ndipo mguse. Mkono ukiweza kukaa hesabu ya tano, alumini iko kwenye 50 na kidogo, na mashine iko salama. Mkono ukikimbia mara moja, imepita 60. Ulizeni ni kwa nini. Tone la maji likichemka juu yake, msilipe.

Kuhusu zile wati 1,000: tazameni fyuzi. Mashine ya betri ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 10 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 120 kwa muda wowote wa maana, na mashine ya aina hii, hata iliyo bora kabisa, haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 78 ya hizo kuwa sauti. Zitabaki wati 90 na ushei, kwa hesabu ya ukarimu. Zipo bodi mpya za aina ya D, ambazo hupoteza joto kidogo sana na zinaridhika na alumini ndogo. Fundi akikuonyesha moja usimlaumu kwa udogo wa kipande. Lakini hata hizo hazitoi kuliko zinavyopokea.

Mwisho wa maneno yetu ni karatasi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji makusudi ya kitu na kutegemea ujuzi wake: kitu hicho kinapaswa kufaa kwa makusudi hayo kwa kiasi cha haki. Kwa hiyo msiseme tu "nataka amplifaya." Semeni ni ya harusi, ya usiku kucha, ya spika mbili za omu 8, na risiti iandikwe hivyo, pamoja na omu za chini, ukubwa wa fyuzi, na muda wa fundi kuwajibika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, na namba ya wati ni kauli kama kauli nyingine. Wale akina mama hawakuwa na karatasi yoyote, na hilo lilidhoofisha shauri lao. Tuliwapatanisha: fundi alibadilisha transista na kufunga alumini ya kutosha kwa gharama yake, na spika iliyoungua wakaigawana nusu kwa nusu. Hawakuridhika sana, na hatukuweza kuwaambia kuwa wamekosea kutoridhika.

Juu ya meza hii tumeweka betri, rezista na mita. Aliyekuja na kipande chake akilete, tutakipima na kukiandika. Vile vikubwa vitangulie, kwa sababu ndivyo vinavyochukua saa nzima.